Mshukiwa anaponunua klabu: Mipaka ya hoja ya 'hajapatikana na hatia'

MNAMO Julai 2007, klabu ya Manchester City ya Uingereza ilipata mmiliki mpya. Bwanyenye huyo, Thaksin Shinawatra, alikuwa amepinduliwa na jeshi kutoka wadhifa wa waziri mkuu wa Thailand miezi kumi iliyotangulia. Akaunti zake za benki jijini Bangkok zilikuwa zimefungwa, na viongozi wa mashtaka walikuwa wamemfungulia kesi kuhusu matumizi mabaya ya mamlaka. Hakuna hata moja kati ya mambo hayo lililomzuia kutoa takriban pauni milioni 81 na kuitwaa klabu iliyoasisiwa katika karne ya 19.

Mashabiki wengi wa City hawakunung'unika. Klabu yao ilikuwa haijatia kibindoni kombe lolote kubwa tangu 1976, huku majirani wao Manchester United wakirundika mataji mwaka baada ya mwaka. Ndani ya muda mfupi, Thaksin alimwajiri kocha Sven-Göran Eriksson, aliyekuwa amewahi kuinoa timu ya taifa ya Uingereza, na kutoa kitita cha fedha za kununulia wachezaji. Msimu huo wa 2007/08, City waliwalaza United nyumbani na ugenini, jambo ambalo hawakuwa wamelifanya kwa karibu miongo minne. Mashabiki wakampa mmiliki wao jina la utani la 'Frank', kwa kuwa jina lake la ukoo liliwakumbusha mwimbaji Frank Sinatra.

Kisa hicho kiliibua swali ambalo limeendelea kuusumbua ulimwengu wa kandanda hadi leo. Je, ni sawa kimaadili kwa mtu anayekabiliwa na tuhuma za uhalifu wa kifedha kukabidhiwa klabu ya soka? Na je, wale wanaomshangilia kila wikendi wana wajibu wowote wa kuuliza fedha zake zilitoka wapi?

Tuhuma zilivyokuwa

Thaksin alianza maisha ya kazi kama afisa wa polisi, kisha akatajirika kupitia biashara ya simu na mawasiliano chini ya kampuni yake ya Shin Corp. Aliingia mamlakani kama waziri mkuu mwaka wa 2001, na akapendwa mno na wakazi wa mashambani kutokana na sera zake za matibabu nafuu na mikopo ya vijijini.

Mambo yalimwendea mrama Januari 2006, wakati familia yake ilipouza hisa zake, ambazo zilikuwa karibu nusu ya kampuni hiyo, kwa Temasek, shirika la uwekezaji la serikali ya Singapore. Bei ilikuwa baht bilioni 73, sawa na karibu dola bilioni 1.9 za Marekani wakati huo, na hakuna kodi iliyolipwa kutokana na faida hiyo kubwa. Maelfu ya wakazi wa Bangkok walimiminika barabarani kulalamika. Mnamo Septemba 19, 2006, akiwa New York kuhudhuria kikao cha Umoja wa Mataifa, jeshi lilitwaa uongozi wa nchi.

Serikali iliyowekwa na wanajeshi iliunda kamati ya kuchunguza mali yake. Juni 2007, mwezi uo huo ambao alitangaza nia ya kuinunua City, kamati hiyo ilizifunga akaunti zake nchini Thailand. Mashtaka yaliyofuata yalihusu kiwanja jijini Bangkok ambacho mkewe alikuwa amekinunua mwaka wa 2003 kutoka kwa asasi ya serikali kwa baht milioni 772, wakati mumewe akiwa kiongozi wa serikali iyo hiyo. Aidha, shirika la kutetea haki za kibinadamu la Human Rights Watch liliiandikia Ligi Kuu ya Uingereza (EPL) likihoji kufaa kwake, na kukumbusha kuhusu operesheni ya mwaka wa 2003 dhidi ya dawa za kulevya ambapo zaidi ya watu 2,000 waliuawa. Thaksin alikanusha tuhuma zote.

EPL ilikuwa na kanuni. Tangu 2004, kila mwenye kutaka kumiliki au kusimamia klabu alipimwa ikiwa ni mtu afaaye na astahiliye. Hata hivyo, kipimo chenyewe kilikuwa chepesi. Kiliuliza iwapo mhusika alikuwa amewahi kuhukumiwa kwa makosa ya udanganyifu, iwapo alikuwa amewahi kufilisisha klabu zaidi ya mara moja, na iwapo alikuwa na maslahi katika klabu nyingine. Hakikuuliza mali yake ilipatikanaje. Thaksin hakuwa amehukumiwa na mahakama yoyote. Kwa hivyo, alipita.

Mgala muue na haki umpe

Waliomtetea Thaksin hawakukosa hoja, na ni haki hoja hizo zipimwe kwa uzito wake.

Kwanza, kila mtu huhesabiwa kuwa hana hatia hadi mahakama iamue vinginevyo. Kanuni hiyo humlinda maskini na tajiri sawia, na jamii inayoipuuza hufungua mlango wa watu kuadhibiwa kwa uvumi. Pili, waliomshtaki Thaksin walikuwa maadui wake wa kisiasa ambao hawakuchaguliwa na yeyote, bali waliingia ofisini kwa nguvu za vifaru. Lau ligi ya soka ingekuwa inamkataa kila aliyefunguliwa mashtaka, basi serikali yoyote dhalimu ingeweza kumharibia mpinzani wake biashara kwa kumwandikia tu karatasi ya mashtaka. Tatu, fedha zilizoinunua City hazikuwa zile zilizofungiwa katika benki za Bangkok, na kwa hivyo haikuwa rahisi kudai kuwa klabu ilinunuliwa kwa mali yenye mzozo.

Matukio ya baadaye yaliwapa watu wa pande zote mbili jambo la kushikilia. Mnamo Oktoba 2008, Mahakama ya Juu ya Thailand ilimpata Thaksin na hatia ya mgongano wa maslahi katika suala la kiwanja na kumhukumu kifungo cha miaka miwili. Februari 2010, mahakama iyo hiyo iliamuru serikali itwae baht bilioni 46 kati ya baht bilioni 76 zilizokuwa zimefungwa, ikisema zilitokana na sera alizozipinda ili kuifaidi kampuni ya familia yake. Kwa upande mwingine, mkewe, aliyehukumiwa miaka mitatu kwa ukwepaji kodi mnamo Julai 2008, aliondolewa hatia hiyo na mahakama ya rufaa mwaka wa 2011. Thaksin mwenyewe aliishi uhamishoni kwa takriban miaka 15 kabla ya kurejea Agosti 2023, akapunguziwa kifungo na mfalme, na Septemba 2025 Mahakama ya Juu ikaamuru atumikie mwaka mmoja gerezani.

Hivyo basi, katika Julai 2007 hakuna aliyekuwa mjini Manchester ambaye angeweza kusema kwa yakini kwamba Thaksin alikuwa mkosaji. Lakini hilo halikuwa swali lililopaswa kuulizwa.

Adhabu na amana

Hoja ya kwamba mtu 'hajapatikana na hatia' ni jibu kamili iwapo swali ni kama apelekwe jela, atozwe faini au anyang'anywe mali yake. Hayo ni masuala ya adhabu, na adhabu haitolewi ila kwa ushahidi usioacha shaka. Kumkabidhi mtu klabu ya soka ni suala la aina nyingine kabisa. Ni suala la amana.

Tofauti hii si ngeni katika maisha ya kila siku. Karani wa benki anayeshukiwa kuchukua fedha za wateja huondolewa kwenye dirisha la malipo uchunguzi unapoendelea, na hakuna anayedai kuwa ameadhibiwa. Mdhamini wa mali ya mayatima akishukiwa kuifuja, ndugu huikabidhi mali hiyo kwa mtu mwingine hadi mambo yabainike. Anayeondolewa haambiwi kuwa ni mwizi. Huambiwa tu kwamba funguo zitakaa kwingine kwa muda.

Sheria za Kenya zenyewe zinaitambua tofauti hiyo. Sheria ya Kukabiliana na Ufisadi na Uhalifu wa Kiuchumi ya mwaka wa 2003 inaagiza kuwa afisa wa umma aliyeshtakiwa kwa ufisadi asimamishwe kazi kwa nusu ya mshahara hadi kesi yake ikamilike. Julai 2019, Mahakama Kuu jijini Nairobi ilishikilia kwamba gavana wa Samburu wa wakati huo, aliyekuwa ameshtakiwa kwa ufisadi, hakustahili kurejea ofisini mwake kesi ikiendelea. Mahakama haikumhukumu kuwa na hatia kwa uamuzi huo. Iliuliza tu iwapo ni busara mtu ayalinde mabohari ambayo anadaiwa kuyapora.

Mpinzani anaweza kusema kuwa klabu ya soka si ofisi ya umma bali ni kampuni ya kibinafsi, na mwenye fedha yuko huru kununua apendacho. Kisheria hilo ni kweli. Hata hivyo, klabu ya soka haifanani na kiwanda cha sabuni. Mteja wa sabuni asiporidhika huhamia aina nyingine, lakini shabiki wa Portsmouth hahamii Southampton. Uaminifu wake ameurithi kutoka kwa babaye, naye ataurithisha wanawe, wamiliki wakija na kuondoka. Thamani ya klabu imejengwa na watu hao ambao hawana hata hisa moja. Anayeinunua klabu hununua pia mapenzi yao, nao hawaulizwi.

Kwa nini klabu?

Hapa ndipo inapofaa kuuliza ni kwa nini mtu mwenye kesi mahakamani atake kununua klabu ilhali biashara ya soka huwapa wengi wa wamiliki wake hasara.

Sababu moja ni heshima. Mwanasiasa aliyepinduliwa huweza kusahaulika upesi. Mmiliki wa klabu ya EPL huonekana kwenye runinga za dunia nzima, zikiwemo zile za nchini mwake. Ligi hiyo ina wafuasi wengi ajabu nchini Thailand, na Thaksin alilifahamu hilo vyema. Mnamo 2004, akiwa bado waziri mkuu, alikuwa amejaribu kununua sehemu ya hisa za Liverpool. Jina linalotajwa mahakamani asubuhi na kuimbwa uwanjani jioni halichafuki kwa urahisi.

Sababu ya pili ni nzito zaidi, ingawa haimhusu kila tajiri. Julai 2009, FATF, asasi ya kimataifa ya kupambana na ulanguzi wa fedha ambayo baadaye, Februari 2024, iliiweka Kenya katika orodha ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu, ilichapisha ripoti kuhusu soka. Ilieleza kwamba mchezo huu una nyufa nyingi ambazo fedha chafu zinaweza kupenyeza.

Mchezaji hana bei iliyobandikwa kama bidhaa ya dukani. Klabu moja ikisema thamani yake ni pauni milioni tano na nyingine ikilipa milioni 15, hakuna mkaguzi awezaye kuthibitisha kwamba bei hiyo ni ya uongo. Fedha huvuka mipaka ya nchi kadhaa katika uhamisho mmoja, zikipitia mikononi mwa maajenti na kampuni zilizosajiliwa katika visiwa ambako majina ya wenyewe ni siri. Kuna malipo ya haki za picha, kuna mikopo ambayo mmiliki huikopesha klabu yake mwenyewe, na kuna klabu nyingi zenye madeni ambazo haziko tayari kumhoji mkombozi. Mkono mtupu haulambwi, na klabu inayodaiwa kila upande haimwulizi mwenye mkono uliojaa alikoutoa.

Gharama humwangukia nani?

Watetezi wa wamiliki wa aina hii husema kuwa, hata fedha zikiwa na doa, mashabiki hufaidika. Historia ya miaka 30 iliyopita inaonyesha faida hiyo mara nyingi huwa ni mkopo, na siku ya kuulipa hufika.

Nchini Italia, klabu ya Parma ilitoka katika kutojulikana hadi kutwaa Kombe la Washindi Ulaya mwaka wa 1993 na Kombe la UEFA mwaka wa 1995 na 1999, ikiwa na nyota kama Gianluigi Buffon, Lilian Thuram na Fabio Cannavaro. Nyuma yake ilikuwa kampuni ya maziwa ya Parmalat ya Calisto Tanzi. Desemba 2003 ilibainika kwamba vitabu vya hesabu vya Parmalat vilikuwa vimejaa uongo, na pengo la takriban euro bilioni 14 likafichuka. Zaidi ya watu 100,000 waliokuwa wamenunua hatifungani za kampuni hiyo, wengi wao wastaafu na wafanyakazi wa kawaida, walipoteza akiba zao. Tanzi alipatikana na hatia, na mwaka wa 2010 akahukumiwa miaka 18 kwa ufilisi wa ulaghai. Klabu iliwekwa chini ya usimamizi maalumu na nyota wake wakauzwa. Shangwe za 1999 zilikuwa zimegharimiwa, kwa kiasi fulani, na mzee mwenye akiba ndogo ambaye huenda hakuwa hata mpenzi wa soka.

Huko Uingereza, Portsmouth walikuwa wametwaa Kombe la FA mwaka wa 2008 kwa bao la Mnigeria Nwankwo Kanu. Kufikia Juni 2011 klabu ilikuwa imenunuliwa na kampuni ya Vladimir Antonov, mmiliki wa benki ya Snoras ya Lithuania. Miezi mitano baadaye, Lithuania iliitaifisha benki hiyo ikidai kuwa mali yake imetoweka, na Antonov, aliyekanusha madai hayo, akakamatwa jijini London. Februari 2012 Portsmouth iliwekwa chini ya msimamizi wa ufilisi, ikapokonywa pointi 10 na kushushwa ngazi. Mwaka uliofuata ilishuka tena hadi daraja la nne. Ni mashabiki wenyewe waliochanga fedha na kuinunua Aprili 2013 ili isife.

Birmingham City nao walimpata Carson Yeung, mtengenezaji nywele wa Hong Kong aliyegeuka kuwa mkwasi, ambaye aliichukua klabu hiyo mwaka wa 2009 kwa zaidi ya pauni milioni 80. Februari 2011 waliwashangaza Arsenal na kutwaa Kombe la Ligi. Miezi mitatu baadaye walishushwa ngazi, na Juni mwaka uo huo Yeung akakamatwa. Machi 2014 alihukumiwa miaka sita gerezani kwa ulanguzi wa dola milioni 721 za Hong Kong, fedha zilizokuwa zimepita katika akaunti zake kati ya 2001 na 2007. Kwa maneno mengine, miamala yote iliyomfunga ilikuwa imefanyika kabla ya kuitwaa klabu kikamilifu. Maswali kuhusu asili ya utajiri wake yangeweza kuulizwa mapema. Kanuni za wakati huo hazikuwalazimu waliompokea kuyauliza.

Kanuni zenye matundu

Hata pale ambapo hukumu ilikuwepo, kanuni zilizojengwa juu ya hatia pekee zilitatizika. Massimo Cellino wa Italia alipotaka kuinunua Leeds United mwanzoni mwa 2014, mahakama ya Cagliari ilimpata na hatia ya kutolipa ushuru wa kuingiza nchini mashua ya kifahari, ikamtoza faini ya euro 600,000. Ligi inayosimamia madaraja ya chini ikamkataa. Cellino alikata rufaa, na wiki chache baadaye wakili aliyeisikiliza akaamua apitishwe, kwa kuwa mahakama ya Italia ilikuwa haijatoa sababu zake kwa maandishi na hivyo haikuweza kuthibitishwa kwamba kosa lilikuwa la udanganyifu. Maandishi yalipopatikana, alipigwa marufuku Desemba 2014, marufuku ambayo ilikoma mwaka wa 2015. Kisha akarejea.

Katika sarakasi hiyo yote, maswali ambayo shabiki wa kawaida wa Leeds angependa yajibiwe hayakuguswa: je, mtu huyu ni mkweli katika shughuli zake, na je, klabu itakuwa salama mikononi mwake? Mjadala uligeuka kuwa wa tarehe na karatasi.

Wimbo wa Turf Moor

Athari nyingine haipimiki kwa pauni. Roman Abramovich alipoinunua Chelsea mwaka wa 2003 kwa pauni milioni 140, wengi walijua kwamba utajiri wake ulitokana na ubinafsishaji wa mali ya umma nchini Urusi baada ya kuanguka kwa muungano wa Kisovieti. Kampuni ya mafuta ya Sibneft, ambayo yeye na mshirika wake Boris Berezovsky waliipata kuanzia 1995 kwa takriban dola milioni 100, iliuzwa kwa shirika la serikali la Gazprom mwaka wa 2005 kwa dola bilioni 13. Abramovich hajapatikana na hatia ya jinai kutokana na hayo. Kwa karibu miaka 20, mataji yaliyofululiza yaliwaondolea watu hamu ya kuuliza.

Machi 5, 2022, siku chache baada ya Urusi kuivamia Ukraine, wachezaji wa Burnley na Chelsea walisimama uwanjani Turf Moor ili watu wapige makofi kuonyesha mshikamano na waliovamiwa. Sehemu ya mashabiki wa Chelsea walianza kuliimba jina la Abramovich. Kocha wao, Thomas Tuchel, aliwakemea hadharani. Siku tano baadaye, serikali ya Uingereza ilimwekea Abramovich vikwazo ikimhusisha na Rais Vladimir Putin, uhusiano ambao ameukanusha. Chelsea ikauzwa Mei mwaka huo, na pauni bilioni 2.5 za mauzo hayo, ambazo aliahidi zitawafaa waathiriwa wa vita, zikakwama kwenye akaunti kwa zaidi ya miaka mitatu huku serikali na mawakili wake wakizozania masharti ya kuzitumia.

Waliokuwa wakiimba siku hiyo hawakuwa watu waovu. Walikuwa wamefikia mahali ambapo wema waliotendewa na mmiliki wao ulikuwa umewafumba macho wasione watu wengine. Hii ndiyo hasara ya kimaadili isiyoandikwa katika vitabu vya hesabu. Mapenzi ya klabu, ambayo ni kitu chema, hugeuzwa ngao ya kumkinga mtu asihojiwe.

Njia ya katikati

Je, dawa ni kumfungia mlango kila aliyetuhumiwa? La, kwa sababu ya hoja zile zile zilizotolewa kumtetea Thaksin. Kuna njia iliyo kati ya kumkataa mtu kwa uvumi na kumpokea bila swali.

Ya kwanza ni kuubadilisha mzigo wa uthibitisho. Mahakamani, ni mshtaki anayepaswa kuthibitisha hatia. Mlangoni mwa klabu, ni mnunuzi anayefaa kuonyesha utajiri wake ulitoka wapi, kama vile afunguaye akaunti ya benki yenye fedha nyingi anavyotakiwa kueleza zilikotoka. Ya pili ni kuahirisha. Mtu mwenye kesi nzito anaweza kuambiwa asubiri, au hisa zake zishikiliwe na wadhamini huru hadi kesi iamuliwe. Ya tatu ni kuilinda klabu yenyewe, kwa kuhakikisha kwamba uwanja, jina na rangi zake haviwezi kuuzwa wala kuwekwa rehani kwa ajili ya madeni ya mmiliki.

Uingereza imechukua hatua kuelekea huko, japo kwa kuchelewa. Machi 2023, klabu za EPL ziliongeza ukiukaji wa haki za kibinadamu katika orodha ya mambo yanayoweza kumzuia mtu, na kuruhusu anayechunguzwa kwa makosa mazito azuiwe kuwa mkurugenzi. Julai 2025, sheria mpya ya usimamizi wa soka iliunda mdhibiti huru asiye chini ya klabu zenyewe. Mdhibiti huyo ana mamlaka ya kupima uaminifu wa wamiliki na kuchunguza iwapo chanzo cha utajiri wao kina uhusiano na uhalifu mkubwa. Swali ambalo halikuulizwa mwaka wa 2007 sasa limo katika sheria.

Hata hivyo, sheria hutekelezwa na watu, na watu hao watakabiliwa na shinikizo. Siku ambayo mdhibiti atamkataa tajiri aliyeahidi kuiokoa klabu inayozama, watakaopiga kelele kwanza hawatakuwa mawakili wa tajiri bali mashabiki.

Wajibu wa anayeshangilia

Manchester City hawakupata balaa lililowakuta Parma na Portsmouth. Agosti 2008, Thaksin aliposusia kurudi mahakamani Bangkok na kubaki London, klabu ilikuwa tayari imeanza kuhisi uhaba wa fedha. Septemba 1 mwaka uo huo ilitangazwa kwamba Sheikh Mansour wa Abu Dhabi anainunua, na siku iyo hiyo Mbrazili Robinho akasajiliwa kwa pauni milioni 32.5. Wiki saba baadaye hukumu ya Thaksin ikatolewa. Lau mnunuzi hangepatikana kwa wakati, klabu ingejikuta mikononi mwa mtu aliyehukumiwa, aliye mkimbizi wa sheria na ambaye fedha zake zimefungwa. City waliokolewa na bahati.

Jambo hili haliwahusu wakazi wa Manchester peke yao. Sehemu kubwa ya mapato ya EPL hutokana na haki za kupeperusha mechi nje ya Uingereza, na Mkenya anayelipia runinga kila mwezi au anayenunua jezi ya klabu yake ni mmoja wa wanaougharimia mchezo huo. Hana kura katika mkutano wa wenye hisa, na hakuna anayemtarajia aache kuipenda timu aliyoipenda tangu utotoni.

Lakini kuna jambo moja lililo ndani ya uwezo wake. Anaweza kuipenda klabu bila kumtetea mwenye klabu. Mabao ni ya wachezaji, historia ni ya mji, na jezi ni ya vizazi vilivyoivaa. Tuhuma za kifedha ni za mmiliki, na ni yeye anayepaswa kuzijibu. Shabiki anayeitenganisha timu na tajiri wake hapotezi chochote katika furaha ya Jumamosi. Humnyima tu mtuhumiwa ngao ambayo alikuja kuinunua.